Trekta Linapopinduka, Tusimsingizie Mungu

Mwezi uliopita nilikwenda kijijini kwetu, Nyanda za Juu Kusini, kumzika kijana aliyekuwa dereva wa trekta. Alikuwa na miaka 26, mke na mtoto mmoja. Jioni ile alikuwa akirudi kutoka kulima shamba lililo juu ya mteremko, plau likiwa limeinuliwa nyuma, akafuata njia ya mkato inayopita kando ya korongo. Gurudumu la upande wa chini likazama kwenye ukingo uliolainishwa na mvua, la upande wa juu likapanda kichuguu, na trekta likamlalia. Wenzake walikimbilia pale, lakini mikono ya watu sita hainyanyui tani mbili za chuma.

Msibani tuliambiwa kuwa kazi ya Mungu haina makosa. Sina ugomvi na faraja hiyo, wafiwa wanaihitaji. Ugomvi wangu ni nasi tulio maofisini, vyuoni na katika asasi za kiraia, ambao tumeichukua faraja ya wafiwa tukaigeuza kuwa sera. Tunapoliita tukio "ajali" tunafunga faili. Lakini kifo kile kilikuwa na sababu zinazoelezeka, na kinga yake inajulikana kwa zaidi ya nusu karne.

Tuanze na sababu. Trekta limejengwa kwa kulima, si kwa kukimbia. Limenyanyuliwa juu ili lipite juu ya matuta na mimea, kwa hiyo kitovu cha uzito wake kiko juu kuliko cha gari dogo. Linaposimama mahali tambarare, uzito huo huangukia katikati ya magurudumu. Linapopita kwa ubavu kwenye mteremko, uzito husogea kuelekea gurudumu la chini. Ukishavuka gurudumu hilo, hakuna dereva awezaye kulirudisha. Shimo dogo upande wa chini au kisiki upande wa juu hutosha kumalizia kazi. Mwendo nao huongeza hatari kwa namna ambayo wengi hawaitambui: ukikata kona kwa mwendo mara mbili, nguvu inayolisukuma trekta lipinduke haiwi mara mbili, bali mara nne.

Kuna aina ya pili, ambayo ni ya haraka zaidi: kupindukia nyuma. Hutokea magurudumu ya nyuma yanapokwama matopeni na dereva akaongeza moto, au mzigo unapofungwa juu kwenye ekseli badala ya kwenye chuma cha kuvutia kilicho chini. Injini hulazimisha ekseli izunguke. Magurudumu yakikataa kuzunguka, kinachozunguka ni mwili wa trekta wenyewe. Pua huinuka, na kabla ya sekunde moja kwisha trekta limeshavuka mahali pa kurudi. Mwanadamu hana muda wa kuona, kuelewa na kukanyaga klachi. Ndiyo maana maneno "dereva alizembea", tunayoyatamka kwa wepesi mkubwa, mara nyingi hayana msingi. Huwezi kumlaumu mtu kwa kushindwa kufanya jambo ambalo mwili wa binadamu hauliwezi.

Kwa kuwa dereva hawezi kulishinda trekta linalopinduka, kinga lazima iwe kwenye trekta lenyewe. Kinga hiyo ni fremu imara ya chuma inayosimama nyuma au juu ya kiti, pamoja na mkanda. Fremu huzuia trekta lisimlalie dereva, na mara nyingi hulizuia lisiendelee kubingirika. Mkanda humshikilia dereva ndani ya nafasi iliyokingwa. Kimoja bila kingine ni nusu ya kinga. Na hapa lazima nisahihishe kosa lililoenea vijijini: trekta lisilo na fremu, dereva asifunge mkanda, kwa kuwa atakuwa amejifunga chini ya chuma kitakachomponda. Vilevile, paa la bati linalowekwa kwa ajili ya kivuli si fremu. Linazuia jua, halizuii tani mbili.

Trekta lililomuua yule kijana lilikuwa na fremu siku lilipoletwa. Mwenye trekta aliikata ili lipite chini ya matawi ya miparachichi, na hakuna aliyemuuliza. Zipo fremu zinazokunjwa unapopita chini ya miti na kusimamishwa tena ukitoka. Hakuambiwa.

Nchi nyingine zilipita hapa tulipo. Uswidi iliagiza mwaka 1959 kwamba kila trekta jipya liwe na kinga ya dereva, kisha kwa hatua ikayafikia na matrekta ya zamani. Vifo vya kupinduka, vilivyokuwa 17 kwa mwaka kwa kila matrekta 100,000, vilishuka hadi chini ya kimoja kufikia mwaka 1990. Waswidi hawakupata madereva wapya wenye akili kuliko wa zamani, wala milima yao haikusawazishwa. Walibadilisha sheria na chuma. Marekani ilichagua njia ya nusu nusu: kanuni yake ya mwaka 1976 iliwagusa waajiri, lakini utekelezaji wake ukayaacha nje mashamba yenye wafanyakazi wachache, na kwa miongo mingi kupinduka kwa trekta kumeendelea kuwa miongoni mwa visababishi vikuu vya vifo mashambani. Jimbo la New York lilipoona hivyo, mwaka 2006 lilianza kuwarudishia wakulima sehemu ya gharama ya kufunga fremu kwenye matrekta ya zamani. Sheria bila ruzuku humfikia mkubwa na kumwacha mdogo.

Sisi je? Tangu Kilimo Kwanza ilipozinduliwa mwaka 2009, trekta limekuwa kipimo cha maendeleo katika hotuba zetu. Tunahesabu yameingia mangapi, ya nguvu za farasi ngapi, kwa mkopo wa masharti gani. Ni nadra kusikia kiongozi akiuliza mangapi yana fremu, na wangapi kati ya wanaoyaendesha walifundishwa kuyaendesha kwenye mteremko. Madereva wengi hufunzwa na madereva: kijana huanza kama utingo, akakaa juu ya madigadi msimu mzima, kisha siku moja akapewa usukani. Mara nyingi hulipwa kwa ekari, kwa hiyo kila dakika ya kushuka akague korongo kwa miguu ni dakika anayojikata mshahara. Mfumo wa malipo unamwambia akimbie; sisi tunamwambia awe mwangalifu. Atamsikiliza nani?

Hatuna upungufu wa sheria. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008. Mkataba Na. 184 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka 2001 unahusu kilimo mahsusi, na unataka mitambo iendeshwe na watu waliofunzwa, wala isitumike kubeba watu kama haikutengenezwa kwa kazi hiyo. Lakini ukaguzi umezoea kiwanda chenye geti na ofisi yenye kibao. Shamba la ekari kumi kando ya korongo halina geti, na kibarua asiye na mkataba wa maandishi akifa, mjane wake hajui hata aanzie mlango gani.

Najua hoja itakayoletwa: mkulima wetu ni maskini, tukimwongezea masharti atarudi kwenye jembe la mkono. Ni hoja ya kuheshimiwa, kwa sababu jembe la mkono nalo huua, polepole, kwa mgongo na kwa njaa. Lakini ukiangalia bei ya trekta lote, fremu ni sehemu ndogo, na ikinunuliwa pamoja na trekta hata haionekani kwenye marejesho ya mkopo. Anayeokoa fedha kwa kuikosa si dereva. Dereva analipa kwa mwili wake ili mwenye trekta apunguziwe bei. Huo si unafuu kwa maskini. Ni maskini kumpa ruzuku aliyemzidi.

Kwa hiyo nawaomba watumishi wa umma wanaosoma hapa mambo matatu. Trekta linalonunuliwa kwa fedha ya umma, au kwa mkopo wenye dhamana ya umma, lisipokelewe bila fremu na mkanda. Matrekta ya zamani yawekewe mpango wa kufungiwa fremu kwa bei yenye ruzuku. Mafundi wetu wanaweza kuzitengeneza hapa hapa, mradi zipimwe uimara kabla ya kuuzwa. Na mafunzo ya dereva yawe sharti la mkopo, kama dhamana ilivyo sharti.

Wanafunzi na wanaharakati, msisubiri waraka. Mkienda likizo, waambieni wadogo zenu na kaka zenu wanaoendesha: panua magurudumu kadiri trekta linavyoruhusu. Kaa mbali na ukingo wa korongo walau kwa kiasi cha kina chake. Shuka kwa gia nzito, kamwe usiweke gia huru. Unganisha kanyagio mbili za breki unapoingia barabarani. Funga mzigo chini, kwenye chuma cha kuvutia. Ukikwama, jaribu kutoka kwa kinyumenyume, na ikishindikana tafuta wa kukuvuta. Usipakie mtu juu ya madigadi, hata akiwa mtoto wako.

Yule mtoto wa marehemu bado hajaanza shule. Siku moja atauliza baba alikufaje, na atastahili jibu la kweli: baba yako aliuawa na trekta lililokatwa fremu, katika nchi iliyokuwa na sheria lakini haikuwa na mkaguzi.