Bei ya Kutupa

Mwalimu wa Ngara au Biharamulo akipunguziwa bei dukani hana sababu ya kulalamika. Lakini ipo bei ambayo haiteremshwi na ufanisi wa kazi, bali na unene wa mtaji: kampuni kubwa huuza chini ya gharama, huistahimili hasara, na mwenye duka dogo hufunga. Kisha bei hupanda.

Sheria ya Ushindani ya 2003 ilipiga marufuku matumizi mabaya ya nguvu ya soko, ikaipa Tume ya Ushindani uwezo wa kuchunguza hata pasipo mlalamikaji. Urahisi peke yake si kosa. Kosa ni mwenye kulishika soko kuwang'oa wenzake kwa bei. Ushahidi wake, kwa bahati mbaya, umo katika vitabu vya hesabu vya kampuni, si katika rafu za Rulenge.

Wakulima wa kahawa wa Kagera waliyaona yanayofanana na haya katika ununuzi. Soko lilipofunguliwa msimu wa 1994/95, wanunuzi binafsi walikuja na fedha taslimu, ushirika ukayumba. Bei ya dunia ilipoporomoka kufikia 2001, mkulima alibaki na ushirika uliokwisha dhoofika. Kama ile ilikuwa hila au biashara tu, Tume ya kuchunguza haikuwapo.

Sasa ipo. Isingoje duka la mwisho la Nyakanazi lifungwe ndipo iitishe vitabu hivyo.