Mwanamke wa Pwani Afungapo Sanduku la Ulaya

Kila mwaka kusi inapovuma hapa kwetu, huko Ulaya huwa ni kiangazi. Ndipo akina mama wa Mombasa, Malindi na Lamu wanapopanga safari: huyu amfuata binti aliyejifungua London, yule aenda kumtazama mwanawe Ujerumani, na mwengine Mungu amemjalia tu, ataka kuiona dunia. Nauli ikishapatikana na viza ikishagongwa, huzuka swali moja: nitavaa nini?

Msomaji asidhani kuwa hili ni swali la mapambo. Katika miaka ishirini hivi iliyopita, nguo ya mwanamke Mwislamu imejadiliwa mabungeni, ikapelekwa mahakamani, na hata ikapigiwa kura na wananchi. Na habari hizo hutufikia zikiwa zimekorogeka. Mtu husikia kwamba Ufaransa imepiga marufuku hijabu, akaamini kuwa akitua Paris na mtandio wake atakamatwa. Basi huuvua mle mle ndani ya ndege, na hali hakuna aliyemwamuru. Mwengine hakusikia lolote. Hushuka na ninja yake, akatozwa faini akibaki kuduwaa. Wote wawili wameponzwa na kutojua. Kwa hivyo natuipambanue sheria kabla ya kufungua kabati.

Linalokatazwa kwa msafiri katika nchi kadhaa ni kufunika uso. Ufaransa ilipitisha sheria hiyo mwaka 2010, ikaanza kutumika Aprili 2011, na faini yake hufika yuro 150. Ubelgiji ilifuata mwaka huo huo wa 2011. Austria ikaja Oktoba 2017, na Denmark Agosti 2018 kwa faini ya kroner 1,000. Uholanzi, tangu Agosti 2019, haikatazi njiani, lakini hukataza katika hospitali, shule, afisi za serikali, mabasi na magari ya moshi. Uswisi wananchi walipiga kura Machi 2021, wakakubali kwa asilimia 51 na kitu. Sheria yenyewe ikaanza tarehe 1 Januari 2025, na faini yaweza kufika faranga 1,000. Sheria hizi hazibagui mwenyeji na mtalii. Wala mtu asitegemee kuzipinga kirahisi, kwani mwaka 2014 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliikubali ile ya Ufaransa.

Ama mtandio, ushungi, au buibui lililoacha uso wazi, hakuna hata moja katika nchi hizo imkatazayo mgeni kupita navyo barabarani. Lile katazo la Ufaransa la mwaka 2004 lawahusu wanafunzi wa shule za serikali, na lile la abaya la 2023 vivyo hivyo. Chuo kikuu hakimo. Uingereza haina sheria ya jumla ya kumzuia mtu kufunika kichwa wala uso njiani. Kinachotakiwa kila mahali ni kuonyesha uso mbele ya afisa wa pasipoti, jambo ambalo hata Jeddah hutakiwa.

Baharini pana mambo yake. Mwaka 2016 meya wa Cannes alikataza vazi la kuogelea la kufunika mwili, na miji mingine ya pwani ya Ufaransa ikamwiga, mpaka mahakama kuu ya mambo ya utawala iliposema, Agosti ya mwaka huo huo, kwamba meya hana haki ya kukataza bila ya hatari ya kweli kwa usalama wa watu. Lakini mwaka 2022 mahakama hiyo hiyo iliuzuia mji wa Grenoble kuliruhusu vazi hilo katika madimbwi yake ya kuogelea. Kwa hivyo bahari ina nafasi, dimbwi halina uhakika. Na kwote kuwili ni vyema kumuuliza mwenyeji kwanza.

Na Ulaya hii hii, mtalii akifika kwenye kanisa la Mtakatifu Petro kule Vatican na mabega wazi au kaptura fupi, hurudishwa mlangoni. Mama wa Kibajuni na buibui lake hupita bila ya kuulizwa neno. Stara, basi, si kitu kigeni kwao. Ugomvi wao ni juu ya nani awe na amri.

Watunga sheria wa Ufaransa walisema wataka kumkomboa mwanamke anayelazimishwa. Kwenye karatasi waliweka adhabu kali kwa mwenye kulazimisha: kifungo cha mwaka mmoja na faini ya yuro 30,000. Lakini polisi akiwa njiani hamuoni mlazimishaji. Amuonaye ni mwanamke, na ndiye amsimamishaye. Na tuwe waadilifu: kule Iran, Septemba 2022, msichana Mahsa Amini alikufa baada ya kukamatwa kwa sababu ya namna alivyojifunika. Huko polisi avisha, huku polisi avua, na mwenye kichwa hakuulizwa na yeyote.

Wahenga walisema, ukenda kwa wenye chongo nawe vunja lako jicho. Ni usia wa adabu kwa mgeni, lakini nani aliyevunja jicho ambalo wenyeji hawakumtaka alivunje? Mwenye mtandio na abaki na mtandio wake. Mwenye ninja ndiye mwenye uamuzi mzito. Wanazuoni wamehitilafiana tangu zamani: wako wasemao uso si katika uchi, na wako wasemao ufunikwe. Anayefuata kauli ya kwanza aweza kuufunua Paris bila ya dhiki moyoni. Anayefuata ya pili asiburutwe huko na mume wala na wakala wa safari. Na ajichagulie nchi isiyomdai uso wake. Uamuzi huo ufanywe nyumbani, wala usingoje kiwanja cha ndege.

Sasa tuje kwenye sanduku. Kiangazi cha Ulaya ni kigeugeu. Julai 2022 Uingereza ilipita nyuzi 40 kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu zake, na hali asubuhi nyengine za Julai humtetemesha mtu wa Pwani. Chukua mabuibui mawili ya kitambaa chepesi kipitishacho hewa, si yale mazito yang'aayo ya harusini. Ndani vaa nguo za pamba, na juu uwe na sweta na koti la mvua. Pindo lisiburure chini, kwani ngazi za umeme za stesheni hulidaka. Viatu viwe vya kukanyagia mawe. Njia za Roma si za makubadhi yatelezayo. Pini za mtandio zipunguze, maana mashine za ukaguzi huzilalamikia. Na ukiambiwa ufunue kichwa, omba kwa upole afisa mwanamke na chumba cha faragha.

Usisahau leso, doti moja. Huswaliwa, hujifutiwa maji, hujifunikwa ndani ya gari la moshi, na haina uzito. Utaihitaji, kwani London mwezi wa Juni jua hutua kama saa tatu na dakika ishirini usiku, na alfajiri haikawii kuingia. Magharibi huenda ikakukuta njiani, na msafiri ana ruhusa zake za kupunguza na kukusanya. Ni vizuri kumuuliza sheikh wako kabla ya kuondoka.

Mwisho, mabinti wawafafanulie mama zao mambo haya kabla ya siku ya safari. Mama aliyejistiri miaka hamsini asijivue kwa uvumi, wala asiaibishwe mbele ya watu kwa sheria ambayo hakuna aliyemsomea.