Hadithi ya gemu iwe mikononi mwa mchezaji

Na Zuhura Mbwana

Wapo wanaoamini kwamba michezo ya video itaheshimika siku itakapokuwa na visa vizito kama vya filamu. Wapo pia wanaoona kisa ni pambo tu: mtu hununua gemu acheze, hanunui asimuliwe. Hawa wa pili wana hoja. Tetris, iliyobuniwa na Alexey Pajitnov mjini Moscow mwaka 1984, haina shujaa wala adui, ni vipande vinavyodondoka tu, na hadi leo inachezwa dunia nzima. Minecraft imeuza nakala zaidi ya milioni 300 bila kumlazimisha mchezaji afuate kisa chochote. Hata bao letu la pwani, lenye mashimo 32 na kete 64, halijahitaji ngano ili kuwakusanya watu barazani. Nakubali basi kwamba mchezo mzuri huishi bila hadithi, na kwamba hadithi nzuri haiuokoi mchezo unaochosha. Nisichokubali ni kuumaliza mjadala hapo. Hadithi ina uzito mkubwa katika gemu, ila sharti ibebwe na kile anachokitenda mchezaji, si kile anachooneshwa akiwa ameweka pedi chini.

Chukua Papers, Please, gemu ya Lucas Pope ya mwaka 2013. Mchezaji ni afisa wa mpakani katika nchi ya kubuni iitwayo Arstotzka. Kazi yake ni kukagua pasipoti: jina, picha, tarehe ya mwisho, muhuri. Analipwa kwa idadi ya watu aliowahudumia sawasawa, na jioni fedha hiyo hiyo ndiyo ya kodi, chakula na kupashia nyumba joto. Makosa yakizidi, anakatwa. Siku moja anapita mwanamume mwenye karatasi kamili, na nyuma yake yupo mkewe, asiye na kibali cha kuingia, akisihi wasitenganishwe. Mezani pana mihuri miwili, wa kukubali na wa kukataa, na nje foleni inangoja. Riwaya ingetueleza jinsi urasimu unavyomgeuza mtu mwema kuwa katili. Humu mchezaji anajikuta anapiga hesabu ya huruma yake dhidi ya njaa ya familia yake, na muhuri anaugonga mwenyewe. Ukiiondoa kanuni ya malipo, kisa chote kinaporomoka.

Nitaulizwa: mbona The Last of Us ya mwaka 2013, iliyojaa vipande virefu vya kutazama tu, imependwa na mamilioni, hata mwaka 2023 ikawa tamthilia ya televisheni? Je, hilo halioneshi kwamba kisa chake kinasimama bila mchezo? Kinasimama, naam, lakini kuna kitu hakikuvuka. Karibu na mwisho, hospitalini, Joel, mhusika anayeongozwa na mchezaji, anamkabili daktari wa upasuaji, na gemu haisogei mpaka mchezaji amuue. Hata asiyekubaliana na Joel hulazimika kubonyeza. Mtazamaji wa tamthilia humhukumu Joel akiwa kitini, mchezaji ameshashiriki. Uzito huo haukutoka kwenye vipande vya kutazama, ulitoka kwenye kitufe.

Jambo hili linawahusu vijana wetu wanaotengeneza gemu Nairobi na Dar es Salaam, wakitamani kuingiza visa vya kwetu. Kumvika mhusika kanzu, kisha kumkimbiza na kumrukisha kama wahusika wengine wote, hakutoshi. Fumo Liyongo, shujaa wa masimulizi ya pwani yetu, alipofungwa gerezani, mama yake alimpelekea tupa iliyofichwa ndani ya mkate, naye akakata minyororo wakati kelele za ngoma ya gungu zikiufunika mkwaruzo wa chuma. Hapo pana mchezo tayari: sugua tupa ngoma zikipanda, acha zikishuka, usije ukasikika. Mchezaji atakayejifunza kutega sikio hivyo atakuwa ameijua akili ya Liyongo kuliko atakayesomeshwa aya kumi kwenye kioo. Kwa hiyo mtengenezaji asianze kwa kuuliza kisa chake kina urefu gani. Aulize mchezaji atafanya nini, na kitendo hicho kitamfanya awe nani.