Faida Imepanda, Hisa Imeshuka: Nani Amekula?

Kila msimu wa kampuni kutangaza taarifa zao za fedha, vijana wetu huambizana maneno yaleyale katika makundi ya simu: nunua leo, faida inatangazwa Ijumaa, uza Jumatatu. Huu wanauita uwekezaji. Mimi nakataa kuuita hivyo.

Nasema haya nikiwa na kovu. Miaka michache iliyopita nilinunua hisa za kampuni moja siku nne kabla ya taarifa yake ya mwaka. Faida ikatangazwa, tena imepanda. Bei ikashuka. Nilipotaka kuuza, wiki nzima ilipita bila mnunuzi. Na dalali alichukua kamisheni niliponunua, akaichukua tena nilipouza.

Kosa langu lilikuwa nini? Nilisahau kwamba bei ya hisa haingoji habari, hubeba matarajio. Soko likitarajia faida ipande kwa asilimia 20, nayo ikapanda kwa 12, habari njema kwa kampuni huwa msiba kwa aliyenunua juzi. Anayekimbilia gawio naye hayuko salama: siku haki ya gawio hilo inapokoma, bei kwa kawaida hushuka kwa kiasi kinachokaribiana nalo.

Watasema mwerevu hupata. Naam, hupata. Lakini kwa kila aliyeuza ghali Ijumaa, yupo aliyenunua ghali Ijumaa. Huyo mara nyingi ni mwalimu, muuguzi au mwanafunzi mwenye fedha za kujikimu.

Hapa ndipo swali linapokuwa la kisiasa. Ni nani anayeyajua matarajio hayo mapema? Ni mifuko mikubwa yenye wachambuzi na, tusifichane, watu walio karibu na vyumba ambamo hesabu hufungwa. Sheria za Tanzania na Kenya zinakataza biashara ya hisa kwa taarifa za ndani. Hata hivyo, katazo lisilofuatiliwa ni pambo la kabatini.

Kenya huilazimu kampuni iliyoorodheshwa kutoa tahadhari mapema inapotarajia faida yake ya mwaka kushuka kwa asilimia 25 au zaidi. Ni hatua njema, kwani habari mbaya humfikia kila mtu kwa wakati mmoja. Haitoshi. Nadai miamala ya wakurugenzi na jamaa zao katika majuma yanayotangulia taarifa ichunguzwe na matokeo yawekwe hadharani. Nadai pia muhtasari wa Kiswahili utoke siku ileile. Hisa tunauziwa kwa Kiswahili redioni. Kwa nini hesabu zake mara nyingi tuzisome kwa Kiingereza cha wahasibu?

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza biashara mwaka 1998. Halikuanzishwa ili mwananchi awe mcheza kamari, bali awe mmiliki. Basi, ndugu zangu, nunueni mkiwa na nia ya kukaa. Someni taarifa baada ya kutoka. Kisha nendeni kwenye mkutano mkuu mkaulize: hata mwenye hisa kumi ni mwenye mali.