Mkate wa mdalasini: Mzazi apime sukari mwenyewe

MTOTO akirudi shuleni jioni, swali lake la kwanza huwa ni chakula. Katika nyumba nyingi jibu ni keki au biskuti za dukani, kwa kuwa ndizo zilizo karibu. Sukari iliyomo aliipima mtu mwingine, si mzazi.

Mkate wa mdalasini wa beking pauda unaweza kushika nafasi hiyo. Hauhitaji hamira, kukanda wala kusubiri unga uumuke. Tangu kuwasha jiko hadi kuepua ni kama saa moja.

Mahitaji: unga wa ngano vikombe 2, sukari nusu kikombe, beking pauda vijiko vya chai 2, mdalasini wa unga vijiko vya chai 2, chumvi nusu kijiko cha chai, yai 1, maziwa kikombe 1 na mafuta ya kupikia theluthi moja ya kikombe.

Namna ya kupika: Washa oveni nyuzi joto 180 na upake mafuta chombo cha kuokea. Chekecha unga, beking pauda, mdalasini na chumvi. Katika bakuli jingine piga yai, sukari, maziwa na mafuta. Mimina kwenye unga, kisha koroga kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena, uishie hapo. Mabonge madogo hayana neno. Ukikoroga sana mkate huwa mgumu. Oka mara moja, kwa sababu beking pauda huanza kutoa hewa ikishalowa, na hewa hiyo ndiyo inayouinua mkate. Baada ya dakika 45 hadi 50 choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, umeiva.

Asiye na oveni hutumia sufuria nzito, moto mdogo chini na makaa juu ya mfuniko. Jiko la mkaa liwe nje au mahali penye hewa ya kutosha, kwani moshi wake una gesi ya sumu isiyo na harufu.

Sasa hesabu ya sukari. Nusu kikombe ni kama gramu 100. Mkate ukikatwa vipande 10, kila kipande kina gramu 10, yaani vijiko vya chai viwili na nusu. Ukitia kikombe kizima, kiasi hicho kinakuwa mara mbili. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku. Kwa mtoto anayekula kalori 1,500, hiyo ni kama gramu 37, na humo imo pia sukari ya chai, juisi na soda. Harufu ya mdalasini husaidia mkate usionekane umepungukiwa.

Mdalasini wenyewe nao unataka macho. Mwishoni mwa mwaka 2023, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliwatahadharisha wazazi kuhusu vipakiti vya rojo la tufaha la watoto vilivyokutwa na madini mengi ya risasi. Chanzo kilikuwa mdalasini wa unga uliotiwa humo. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwa hiyo, panapowezekana, mzazi anunue mdalasini wa vijiti, autwange au kuusaga nyumbani na kuuchekecha. Kijiti kinaonekana kilivyo. Unga ni rahisi zaidi kuchanganywa na kitu kingine. Wa pakiti ununuliwe kwa muuzaji anayeaminika, usiopimwa kutoka kwenye gunia lisilojulikana lilikotoka.

Mkate ukipoa ufunikwe vizuri, uliwe ndani ya siku mbili. Kipande kimoja na ndizi, au glasi ya maziwa, kinamtosha mtoto kungoja chakula cha usiku.