Santuri ya Hot Space na Wanaoilaumu

Ugomvi juu ya nyimbo si jambo geni kwetu. Kila usharika wenye kwaya umeuona: hawa wataka kinanda peke yake, wale wataka ngoma na kayamba, na kabla ya robo saa kupita watu wameacha kunena habari za wimbo, wanenana wao kwa wao. Leo twataka kuandika juu ya ugomvi wa namna hiyo uliotokea mbali, Uingereza na Marekani, mwaka 1982, nao haujaisha hata sasa. Twauandika kwa sababu twaona kwamba wengi wa wailaumuo santuri ile wailaumu pasipo haki.

Santuri yenyewe yaitwa Hot Space, nayo ni ya bendi ya Kiingereza iitwayo Queen. Walikuwa watu wanne: Brian May mpiga gita, Roger Taylor mpiga ngoma, John Deacon mpiga gita la besi, na mwimbaji Freddie Mercury. Huyu wa mwisho si mgeni wa pwani yetu. Alizaliwa Unguja, Septemba 1946, mwana wa Waparsi, jina lake Farrokh Bulsara. Akaondoka na jamaa zake mwaka 1964, baada ya mapinduzi, wakaenda kukaa Uingereza.

Katika miaka ya 1970 Queen walijulikana kwa muziki wa roki, yaani magita yenye kishindo, na kwa sauti nyingi zilizopangwa moja juu ya nyingine kama kwaya kubwa. Juu ya santuri zao waliandika, tena kwa majivuno, kwamba hawakutumia sinthesaiza, kile kinanda cha umeme kiwezacho kuzua sauti za kila namna. Mwaka 1980 wakakitumia. Mwaka ule ule Deacon akatunga Another One Bites the Dust, wimbo uendao kwa besi na ngoma, kwa kuvutwa na muziki wa bendi ya Chic ya Marekani. Wimbo huo ukashika nafasi ya kwanza Marekani, ukapigwa sana katika redio za watu weusi, na watu wakaununua kwa furaha.

Basi Mei 1982 wakatoa Hot Space, waliyoitengeneza Munich na Montreux, na upande wa kwanza karibu wote wakaufanya kwa namna ile ya besi na ngoma. Katika wimbo wa Staying Power twasikia tarumbeta, zilizopangwa na Arif Mardin, mzaliwa wa Uturuki, mahali ambapo watu walingojea gita. Penginepo hata ngoma yapigwa na mashine. Santuri ya mwaka 1980 ilikuwa ya kwanza katika nchi zote mbili. Hii ikafika nafasi ya 4 Uingereza na ya 22 Marekani. Wengine waliipenda kwa wepesi wake. Wengine wakakasirika, wakasema, hawa si Queen tena. Hata ndani ya bendi hawakuwa na moyo mmoja. Taylor amesema waziwazi kwamba njia ile haikumpendeza.

Neno hili, "si Queen tena," ndilo tulikataalo. Mwaka 1975 bendi hiyo ilitoa A Night at the Opera, na ndani yake mlikuwa na uimbaji wa opera, na nyimbo za kuchekesha za majumba ya michezo ya zamani, na roki, vyote pamoja. Watu hawakusema wamepotea. Walisema wana akili nyingi. Twauliza basi: kwa nini kubadilika ni akili mtu aelekeapo opera ya Ulaya, na ni usaliti aelekeapo besi na ngoma za watu weusi?

Wala hatubuni chuki isiyokuwako. Tarehe 12 Julai 1979, katika kiwanja cha mpira huko Chicago, santuri za disko zilirundikwa kati ya mchezo mmoja na wa pili, zikalipuliwa kwa baruti mbele ya watu wapatao 50,000, nao wakaingia uwanjani kwa fujo hata mchezo wa pili usichezwe. Muziki ule uliolipuliwa kwa sehemu kubwa ulikuwa kazi ya watu weusi. Hatusemi kila asiyependa Hot Space ni ndugu wa watu wale. Twasema tu kwamba upepo ule ulikuwa ukivuma, na wengi walivuta pumzi yake.

Nasi wakristo wa nchi hizi twaijua harufu yake. Wazee wetu waliambiwa kwamba ngoma ni ya upagani, wakaiacha mlangoni pa kanisa. Kinanda, kilichochezewa dansi na kunywewa pombe huko kilikotoka, kikaingia pasipo kuulizwa neno. Zaburi ya 150 ilikuwamo katika Biblia ile ile waliyopewa, yenye matari na kucheza, lakini siku nyingi zilipita kabla ya mtu kuwaruhusu kuifuata.

Labda mtu atajibu kwamba wimbo wa Body Language, ulio katika santuri hiyo, una maneno machafu. Ni kweli ni wimbo wa tamaa, nasi hatutamwimbisha mtoto. Lakini mwaka 1978 bendi hii hii ilitoa santuri ya Jazz pamoja na picha kubwa ya wanawake uchi juu ya baiskeli, na wapenzi wa roki wa Uingereza wakainunua hata ikafika nafasi ya pili. Magita yalikuwa na kishindo, basi dhambi haikuonekana! Mtu akitaka kuchukia uchafu, na auchukie palipo uchafu, asingoje mpaka ngoma ibadilike.

Asemaye kwamba nyimbo nyingine za santuri hii ni dhaifu, huyo twamsikiliza. Sisi wenyewe twaona Dancer ni mzito wa miguu. Lakini angalieni mwisho wa santuri: Under Pressure, walioimba pamoja na David Bowie, uliokuwa wa kwanza Uingereza mwaka 1981. Karibu wote wausifu, hata hao wakali, nao husimama juu ya sauti chache za besi ya Deacon. Huutoa kando, kana kwamba si wa santuri hii.

Tarehe 5 Juni 1982, huko Milton Keynes, Mercury aliwaambia watu, kabla ya kupiga nyimbo hizo mpya, kwamba hiyo ni santuri tu, na kwamba hawajaiacha roki. Kisha wakapiga Staying Power, magita yakishika mahali pa tarumbeta. Sauti za siku ile zilitolewa mwaka 2004, na wako watu waliozisikia, waliokuwa wakiucheka wimbo huo miaka mingi, wakasema kwamba sasa ndio wimbo. Ni ule ule, wimbo na maneno, haukubadilishwa.