Kumwigiza Marehemu Si Kuvaa Kanzu Yake

Wiki iliyopita barazani kwetu hapa Mombasa ulizuka ubishi mkubwa juu ya vikombe vya kahawa. Kijana mmoja alishikilia kwamba mchezaji wa senema akitaka kumwigiza mwanamuziki, hana kazi ila kunyoa kama yeye, kuvaa kama yeye, na kuchezesha midomo santuri ikilia. Nilimpinga, nikamwahidi kuwa sababu zangu nitaziandika. Leo natimiza ahadi.

Tumtazame kwanza Jamie Foxx, Mmarekani aliyemwigiza Ray Charles katika filamu ya "Ray" ya mwaka 2004. Ray alikuwa kipofu. Foxx alibandikwa kope za bandia zilizomfumba macho, akawa haoni hadi saa 14 kwa siku. Piano aliisomea tangu utotoni, kwa hiyo vidole ni vyake. Sauti katika nyimbo nyingi ni ya Ray mwenyewe. Kabla ya kazi, wawili hao waliketi wakapiga piano pamoja, na Foxx alipokosea, mzee hakumwonea haya, alimkemea papo hapo.

Rami Malek hakuipata bahati hiyo. Yeye alimwigiza Freddie Mercury, mtoto wa Kiparsi aliyezaliwa Unguja mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, akafariki mwaka 1991. Malek, ambaye wazazi wake ni Wamisri, alitengenezewa meno ya bandia akayazoea mapema, akafundishwa piano, na akawa na mwalimu wa kumwonyesha namna marehemu alivyokwenda na alivyogeuka jukwaani. Sauti ilichanganywa: ya Mercury, ya Malek na ya mwimbaji wa tatu. Filamu ilitoka mwaka 2018, na mwaka uliofuata Malek akatunukiwa Oscar.

Lakini linalonigusa zaidi ni la Misri. Abdel Halim Hafez, ambaye nyimbo zake wazee wetu wanazijua, aliugua kichocho miaka mingi, akafa London mwaka 1977. Ahmed Zaki alipoanza kumwigiza katika filamu ya "Halim", yeye mwenyewe alikuwa na saratani ya mapafu. Mgonjwa akamwigiza mgonjwa. Zaki alifariki Machi 2005 kazi haijesha, na mwanawe Haitham ndiye aliyeonekana kama Halim wa ujanani. Je, maumivu yale kijana wetu atasema yalikuwa ya kuigiza?

Waama, meno hutengenezwa na sauti huazimwa. Lililo zito ni amana. Sisi tumefundishwa kutaja mema ya waliotangulia. Filamu ya Ray haikuficha utumwa wake wa heroini wala mambo yake ya wanawake. Lakini yeye alikuwa hai, na hadithi aliisoma kwa maandishi ya vipofu kabla haijapigwa picha. Alikufa Juni 2004, miezi michache kabla filamu haijatoka. Mercury na Halim hawakuulizwa, na maiti hajitetei. Kwa hiyo mwigizaji mwema hujiuliza zaidi ya namna mtu alivyocheka na alivyotembea. Hujiuliza pia: hili ninaloonyesha, lau angekuwapo, angeniambia nimemdhulumu?

Nasema haya kwa kuwa siku moja atatokea mtu wa kutaka kumwigiza Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba mwaka 1880, akauza vyungu, na mwaka 1928 akavuka bahari hadi Bombay kutia sauti yake katika santuri. Binti atakayethubutu asianze na kanga na wanja. Na aanze na Kiunguja cha enzi hizo, ajifunze kuimba taarabu mpaka koo likauke, na auhisi uzito wa chungu kichwani juani. Asipofanya hivyo atakuwa amevaa nguo za Siti tu, na Siti mwenyewe tutakuwa hatujamwona.

Kijana wangu, kahawa ijayo ni juu yako.